Geji ya mafuta kwenye mashua ya matanga: kuitafuta, kuifufua, au kufunga mpya

Mashua nyingi za matanga zenye injini ya dizeli hazina geji ya mafuta kwenye paneli ya injini. Utakuta kipima mizunguko, kihesabu saa za injini, taa ya oili, taa ya chaji na king'ora cha joto. Mafuta yenyewe hayana pa kuonekana. Upepo ukiwapo, hilo halikunyimi usingizi. Linakuja kukusumbua siku upepo umekufa, mkondo unakusogeza mwambani, na injini inaanza kukohoa.

Usinunue kitu kabla hujajua uko katika hali ipi: geji ipo ila imefichika, geji ipo ila imekufa, au haijawahi kuwapo. Si ajabu mtu kutoboa tangi ambalo tayari lina tundu lililofunikwa tu.

Na lishike hili tangu mwanzo, maana ndilo linalowapotosha hata wenye geji nzima: geji hupima kina cha mafuta, haipimi lita.

Itafute kwanza

Anzia kwenye tangi, si kwenye paneli. Katika mashua za mita 8 hadi 12, tangi mara nyingi huwa chini ya kitanda cha tezi, chini ya sakafu ya sehemu ya usukani, au nyuma ya kasha la kamba. Toa godoro, inua mbao, mulika uso wote wa juu wa tangi kwa tochi.

Mirija utakayoiona isikuchanganye. Ule mnene unatoka kwenye mdomo wa kujazia juu ya sitaha. Mwembamba kiasi unaopanda na kutokea ubavuni mwa mashua ni wa kupumulia. Miwili midogo inayoelekea kwenye injini, mmoja hunyonya mafuta na mwingine hurudisha yaliyozidi. Ukishaitenga hiyo, angalia kilichobaki:

- Kisahani cha duara chenye kioo au plastiki angavu na mshale ndani: hiyo ni geji ya kimakanika. Haihitaji umeme. Huwekwa pale pale juu ya tangi, na mara nyingi seremala wa baadaye ameifunika kwa ubao. Toboa dirisha dogo kwenye ubao huo na kazi imekwisha.
- Kisahani cha chuma chenye skrubu tano na waya mmoja au mbili: hiyo ni senda, kifaa kinachokaa ndani ya tangi na kupeleka taarifa kwenye geji. Fuata waya. Huenda zimekatwa, huenda zinaishia nyuma ya paneli ya umeme.
- Kisahani kitupu chenye skrubu tano: tundu la senda lipo tayari, linasubiri. Umeokoa nusu ya kazi.
- Mpira angavu ubavuni mwa tangi, kutoka chini hadi juu: kiwango cha mafuta kinaonekana kwa macho.

Kwenye paneli ya swichi za umeme, tafuta geji ndogo yenye kitufe. Katika mashua nyingi kipima kimoja hutumikia tangi la maji na la mafuta, na mshale hulala chini mpaka ubonyeze kitufe na kukishikilia. Geji nyingine haiamki mpaka ufunguo wa injini uwe umewashwa. Mtu anaweza kuishi na mashua miaka mingi akiamini geji yake ni mbovu, kumbe hajawahi kuitazama ufunguo ukiwa umewashwa.

Kijiti na jedwali la lita

Hata kama utafunga geji ya kisasa, tengeneza kijiti. Ndicho kitakachoisahihisha geji, na ndicho kitakachobaki umeme ukizimika.

Tumia mti mgumu usiopakwa rangi, plastiki isiyoyeyuka kwenye dizeli, au alumini, wenye unene wa mm 10 hivi. Usitumie shaba, shaba nyeupe wala chuma kilichopakwa zinki: metali hizo huharakisha kuharibika kwa dizeli na kuifanya itoe utandu unaoziba chujio. Juu ya kijiti funga mpini wa msalaba ulio mpana kuliko tundu, kisije kikatumbukia. Mrija wa kujazia kwa kawaida una kona, hivyo kijiti hakitafika chini kupitia sitaha. Kipitishe kwenye tundu la senda au mfuniko wa ukaguzi.

Kupima: mashua iwe majini, imesimama wima, na mizigo na maji vikiwa kama kawaida yake. Tangi liwe karibu tupu. Mimina lita 10, subiri dakika mbili tatu mafuta yatulie, chovya kijiti, kata alama kwa kisu. Rudia hadi lijae. Alama ya kalamu hufutwa na dizeli. Ya kisu haifutiki. Usiiamini namba iliyochapwa kwenye dumu, maana dumu la lita 20 likijazwa hadi shingoni hubeba zaidi. Pima kwa chombo chenye mistari, au fuata mita ya pampu ya mafuta.

Ukimaliza, itazame nafasi kati ya alama. Kama tangi ni sanduku, alama zitalingana. Tangi la sm 100 kwa 40 kwa 30 hubeba lita 120, na kila sentimita ni lita 4. Lakini matangi mengi ya mashua hufuata umbo la tumbo la chombo: mapana juu, membamba chini. Chukua tangi lenye ukubwa huo huo ila limechongoka chini mithili ya kabari. Likijaa hubeba lita 60. Mafuta yakifika nusu ya kina, geji itasema nusu, nawe utadhani una lita 30. Ukweli ni lita 15, yaani robo. Nusu ya juu ya mshale huenda taratibu, nusu ya chini hukimbia, na ndipo watu hukwama.

Toa pia mafuta yasiyofikika. Mrija wa kunyonya huishia sm 2 hadi 4 juu ya sakafu ya tangi, kusudi usivute maji na uchafu. Kwenye tangi letu la sanduku, sm 3 ni lita 12 ambazo injini haitaziona kamwe. Kwenye la kabari ni kama nusu lita tu. Tia alama nyekundu kwenye kijiti mahali mrija unapoishia, na uhesabu sifuri yako kutoka hapo.

Kihesabu saa kikusaidie kuhakiki. Injini ya dizeli hula takriban lita 0.25 hadi 0.3 kwa kila kilowati kwa saa, basi injini ya kilowati 20 inayotoa nusu ya nguvu zake hutumia lita 2.5 hadi 3 kwa saa. Namba yako halisi utaipata kwa kujaza mpaka alama fulani, kwenda kwa muda wa saa kumi kwa mizunguko ya kawaida, kisha kujaza tena hadi alama ile ile na kugawanya.

Geji ipo lakini haisemi kweli

Hapa unahitaji multimita, kifaa cha kupima volti na omu, na nusu saa. Nyuma ya geji ya kawaida pana ncha tatu: I au + ni umeme unaoingia, G au − ni hasi, S ni waya wa senda.

Senda hufanya kazi kwa kubadilisha ukinzani, yaani kiasi inachouzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu, na duniani kuna mitindo miwili mikuu. Wa Ulaya ni omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Wa Marekani umegeuzwa: omu 240 tupu, 33 limejaa. Geji na senda lazima viwe vya mtindo mmoja. Ukifunga senda ya Ulaya kwenye geji ya Marekani, mshale utasimama kwenye "limejaa" wakati tangi limekauka. Kosa hili ni la hatari kuliko kutokuwa na geji kabisa, kwa sababu linakupa utulivu usiostahili.

Washa ufunguo, pima kati ya I na G. Upate volti 12 au zaidi kidogo. Usipopata, tatizo ni fyuzi au waya wa ufunguo, na senda haina kosa.

Chomoa waya wa S. Geji ya Ulaya itapanda kupita "limejaa", ya Marekani itaanguka chini ya "tupu". Kisha gusisha S na G kwa kipande cha waya, sekunde moja mbili: mshale ukimbilie upande wa pili. Ukicheza pande zote mbili, geji ni nzima. Acha kuisumbua, nenda kwenye tangi.

Kwenye tangi, chomoa waya za senda, pima omu kati ya ncha yake na ya hasi, kisha linganisha na kijiti. Multimita ikionyesha ukinzani usio na mwisho, uzi wa ndani umekatika. Ikitoa namba ile ile hata baada ya kuongeza mafuta, boya limekwama au limeingiwa na mafuta na kuzama. Chomoa senda, sogeza boya kwa mkono taratibu huku ukitazama namba: ziende mfululizo bila kuruka. Boya ukilitikisa sikioni likilia majimaji ndani, litupe.

Senda ikiwa nzima na geji ikiwa nzima, mkosaji ni waya, na mara nyingi ni ule wa hasi. Kutu kwenye kiungo huongeza omu. Tazama matokeo yake: omu 20 za ziada kwenye mtindo wa Ulaya huufanya mshale upande zaidi ya asilimia kumi, yaani geji inakuahidi mafuta ambayo huna. Kwenye mtindo wa Marekani kutu ile ile huushusha mshale. Wa kwanza ndio wa kuuogopa. Kata ncha zilizooza, vua waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, bana ncha mpya. Kama tangi ni la plastiki, hakikisha senda ina waya wake wa hasi unaofika kwenye kituo cha hasi. Tangi la plastiki halipitishi umeme.

Kuchagua cha kufunga

Kama sehemu ya juu ya tangi inafikika kwa kuinua ubao mmoja, geji ya kimakanika inatosha, na ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Haina waya wala fyuzi, haina kiungo cha umeme cha kuoza. Wengi huikataa kwa sababu haionekani ukiwa kwenye usukani, lakini mafuta hayabadiliki kila dakika kama upepo.

Ukitaka mshale kwenye paneli, chagua kati ya senda mbili. Ya mkono ina boya kwenye fimbo inayopanda na kushuka. Ni ya bei nafuu na unaweza kuirekebisha urefu, ila inahitaji nafasi ya kuzunguka, na sehemu yake inayosugua huchakaa. Ya bomba ni mrija uliosimama wima na boya lenye sumaku linaloteleza juu yake, likifungua na kufunga swichi ndogo zilizofungiwa ndani. Umeme haugusani na mafuta kabisa. Swichi hizo zimeachana kama sm 2, kwa hiyo mshale huruka kwa hatua. Kwenye tangi la kina cha sm 30 hizo ni hatua kama kumi na nne, zinatosha. Kwa mashua inayolala ubavu na kuyumba, chukua ya bomba.

Vipo pia vipimo vya mawimbi ya sauti vinavyogandishwa nje ya tangi, na vinavyosukuma hewa kwenye mrija mwembamba na kupima mgandamizo wake. Vya sauti havipendi povu wala bati za ndani ya tangi zinazozuia mafuta kuyumba. Vya hewa ni vizuri pale tangi limefungiwa kiasi kwamba senda haiwezi kuingia wima. Mpira angavu wa kutazamia ufungwe kwa dizeli pekee, uwe na vali inayofungwa chini yake, na usiwe wa plastiki inayokauka na kupasuka. Kwenye petroli usiufunge kamwe.

Vipimo vya kuagiza: chovya kijiti mpaka kiguse sakafu ya tangi, soma kina kutoka uso wa juu wa tangi. Senda ya bomba iwe fupi kuliko kina hicho kwa mm 15 hadi 25. Ikigusa chini, mashua ikigonga mawimbi itapiga sakafu ya tangi mpaka itoboe. Kwa senda ya mkono, mhimili ukae katikati ya kina, na mkono uwe chini kidogo ya 0.7 ya kina, ukizunguka nyuzi 45 juu na 45 chini. Chora tangi kwa ukubwa wake kwenye boksi la karatasi, ishikilie senda hapo, uone boya likigusa wapi kabla ya kutoboa chochote.

Kutoboa na kufunga

Kama tangi ni la petroli, usilitoboe ndani ya mashua, hata likiwa tupu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala chini kabisa ya chombo ukisubiri cheche. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, na hapo ndipo mvuke unapokusanyika. Tangi litolewe, lisafishwe na fundi wa matangi. Yafuatayo ni ya dizeli.

1. Zima betri, fungua milango yote hewa ipite, nyonya mafuta yote, weka zimamoto karibu.
2. Tafuta bati za ndani zinazozuia mafuta kuyumba. Mistari ya kulehemu juu ya tangi huzionyesha. Pasipo mistari, gonga kwa kifundo cha kidole usikie sauti inapobadilika. Chagua mahali katikati ya tangi, kushoto kwa kulia na mbele kwa nyuma, pasipo bati chini yake, mbali na mrija wa kunyonya na wa kurudisha.
3. Senda nyingi hutumia tundu la kati la mm 38 hadi 42 na skrubu tano kwenye duara la mm 54. Tano hizo hazikupangwa kwa nafasi sawa: kisahani kinakaa kwa namna moja tu. Pima kile ulicho nacho mkononi, kisha tumia gasketi yake kama kigezo cha kuchora.
4. Toboa tundu la kati kwa msumeno wa duara, mzunguko wa polepole, meno yamejazwa grisi ili vumbi la chuma linate humo. Kwenye stenlesi enda polepole zaidi na oili ya kukatia. Ukikimbiza, chuma hugeuka kigumu na meno huisha. Kila baada ya muda mfupi simama, futa, paka grisi upya.
5. Ingiza kitambaa kisichoacha nyuzi, ukusanye vumbi lote. Sumaku haitakusaidia kwenye alumini, wala kwenye stenlesi ya kawaida.
6. Bati jembamba na plastiki havishiki hesi za skrubu. Tumia pete ya nyuma iliyokatwa upande mmoja: unaiingiza kwenye tundu kwa kuizungusha, kama ufunguo unavyoingia kwenye pete yake, kisha skrubu zinakamata kwenye pete. Ifunge uzi kabla ya kuiingiza, maana ikidondoka utaitafuta kwa saa nzima.
7. Gasketi iwe ya mpira wa naitrili. Silikoni ya kawaida hufura kwenye dizeli na kuachia. Skrubu nazo zinapenya hadi ndani ya tangi, hivyo kila moja inahitaji washa ya kuzuia uvujaji au gundi ya hesi inayostahimili mafuta. Kaza kwa kubadilishana pande, kidogo kidogo. Ukikaza moja hadi mwisho gasketi itapinda.

Waya ya mm² 1 hadi 1.5, yenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati, inatosha. Fyuzi ya ampea 1 au 2 kwenye upande wa chanya, karibu na mahali unapochukua umeme. Hasi ya geji na ya senda ziende kwenye kituo kimoja cha hasi. Kama tangi na mdomo wa kujazia ni vya metali na vimeunganishwa kwa waya wa ardhi, usiuondoe. Ndio unaozuia cheche ya umeme tuli wakati wa kujaza. Acha waya iliyozidi kama sm 20 kwenye tangi, imekunjwa, ili siku ya kuchomoa senda usilazimike kuikata.

Kabla ya kuingiza senda tangini, iunganishe kwanza nje. Inyanyue boya kwa mkono: juu, geji iseme limejaa, chini, tupu. Kama ni kinyume, ama senda umeishika kichwa chini, ama mitindo haifanani.

Kuisoma

Unapojaza mafuta mara ya kwanza, fanya tena ile kazi ya lita 10, safari hii ukiandika mshale ulipo kila hatua. Bandika kikaratasi kilichofunikwa plastiki kando ya geji: robo ni lita ngapi, nusu ngapi, robo tatu ngapi.

Isome mashua ikiwa wima. Kwenye tangi lenye upana wa sm 60, mashua ikilala nyuzi 20, mafuta ukutani hupanda au kushuka sm 11 kutoka usawa wake. Senda iliyofungwa pembeni itakuambia tangi limejaa ukiwa na tanga upande mmoja, na tupu ukigeuza joshi. Ile ya katikati hukosea kidogo, ndiyo sababu ya hatua ya pili hapo juu. Mrija wa kunyonya nao una shida hiyo hiyo: mafuta yakiwa machache na mashua imelala, utavuta hewa na injini itazima hata kama lita bado zipo. Robo ya mwisho ya lita zako, ihesabu kuwa haipo.

Usijaze hadi mdomoni. Lita 100 za dizeli zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka karibu lita 0.8, na zitatokea kwenye mrija wa kupumulia.

Baada ya kujaza mara ya kwanza, futa sehemu yote ya juu ya tangi ikauke, tandika karatasi nyeupe kuizunguka senda, kisha tweka matanga na uilaze mashua nusu saa kila upande. Dizeli ikichungulia kwenye skrubu moja, karatasi itaonyesha ni ipi. Kaza hiyo robo ya mzunguko, badilisha karatasi, rudia. Chujio la mafuta libadilishwe baada ya saa chache za injini, kwa ajili ya vumbi la chuma lililokuponyoka.